Dirisha la Johari kazini: zana nzuri, ila kocha aanze na la kwake

Johari hii si kito. Ni vipande vya majina ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, yaani Joe na Harry, waliobuni zoezi hili la kulinganisha unavyojiona na wenzako wanavyokuona mwaka 1955. Kwa anayefundisha timu za kazini Nairobi, ni zana ya maana inayogharimu karatasi chache tu za kuchapisha saiba, yaani kwenye duka la kompyuta.

Kila mtu huchagua kwenye orodha maneno matano au sita yanayomweleza, kisha wenzake humchagulia yao bila kuandika majina. Dirisha lina maeneo manne: neno lililochaguliwa pande zote huingia eneo la wazi; lililochaguliwa na wenzake pekee, eneo la upofu; na mwenyewe pekee, eneo lililofichika; lisiloguswa na yeyote, eneo lisilojulikana.

Uhondo uko kwenye upofu. Msimamizi wa zamu amejiandikia "msikivu". Katika karatasi sita za timu yake neno hilo halimo hata mara moja, na "mwenye pupa" limejirudia mara nne. Hapo pana mazungumzo ya saa nzima. Lakini kuna kasoro: zana inaliweka "msikivu" kwenye yaliyofichika, kana kwamba sifa ipo ila haionekani. Huenda haipo kabisa, na kocha asiogope kuuliza.

Orodha ya kawaida imejaa maneno ya kusifu, kwa hiyo ongezeni machache yanayouma. Mkitumia Kiswahili, kubalianeni maana kwanza: kwa mmoja "mkali" ni mtu wa kufoka, kwa mwingine ni hodari wa kazi.

Zoezi huharibika bosi anapouliza, "Nani ameandika hili?" Kuanzia hapo hakuna atakayesema kweli. Dawa ni kocha kujazisha dirisha lake mapema kwa watu aliokwisha kuwafundisha, alisome kwa sauti mbele ya wote, na akifika kwenye neno chungu aseme "asante" bila kujitetea. Asiyeweza hivyo bado hajawa tayari kuwaongoza wengine. Bosi afuate, kisha timu.

Tengeni dakika 90 kwa watu saba. Wakizidi wanane, wagawanyeni. Msifanye Ijumaa jioni, watu wanawaza foleni ya Thika Road. Rudieni baada ya miezi mitatu.

Na kila mtu aondoke na karatasi zake. Zikiingia kwenye faili la tathmini ya mwaka, awamu ya pili mtaandikiana sifa tupu.