Uzoefu wangu na Biophilia ya Björk: albamu inayochezwa kwa vidole

Biophilia ya Björk si albamu ya kusikiliza tu, na anayeichukua kwa kudhani hivyo atapata nusu ya alicholipia. Mwimbaji huyu wa Iceland aliitoa mwaka 2011 kwa sura mbili. Ya kwanza ni nyimbo kumi zinazosikilizwa kama nyimbo nyingine zozote, kwenye CD au santuri. Ya pili ni programu ya kishikwambi ambamo kila wimbo una ukumbi wake, wenye picha zinazotembea, mchezo wa kuchezwa kwa vidole, maneno ya wimbo, noti za muziki na insha fupi ya mtaalamu wa muziki Nicola Dibben. Ninayoieleza hapa ni hiyo programu. Nimeitumia kwenye iPad ya zamani, mara nyingi usiku nikiwa na vipokea sauti masikioni, na nimeizoea kiasi cha kuwa na maoni ambayo wengi katika kundi letu la mashabiki hawayakubali.

Kundi letu ni dogo na limetawanyika: wapo wa Dar es Salaam, wapo wa Nairobi na Mombasa, na yupo mmoja wa Lubumbashi ambaye ndiye mwenye ulimi mkali kuliko sote. Mjadala unaorudi kila mara ni kama muziki alioutoa Björk peke yake, tangu alipoachana na bendi ya The Sugarcubes na kutoa albamu ya Debut mwaka 1993, ni sanaa ya kisarealisti kweli, yaani ile inayofuata mantiki ya ndoto, au ni popu iliyovishwa mavazi ya ajabu. Wanaoshikilia kwamba ni usarealisti huleta ushahidi wa macho: gauni la batamaji alilovaa kwenye tuzo za Oscar mwaka 2001, maroboti mawili yanayobusiana katika video ya All Is Full of Love, na video ya Bachelorette iliyoongozwa na Michel Gondry, ambamo msichana anafukua kitabu kitupu kinachoanza kujiandika chenyewe. Hiyo ya Bachelorette naikubali bila ubishi. Ushahidi uliobaki ni mwepesi, kwa sababu gauni linaweza kushangaza ukumbi mzima bila kuwa na ndoto yoyote ndani yake.

Uhusiano wake na usarealisti ulianza mbali zaidi ya video. Mwaka 1979 vijana wachache wa Reykjavík, akiwemo mshairi Sjón, walianzisha kundi la kisarealisti lililoitwa Medúsa, na Björk akawa karibu na watu hao angali kijana. Þór Eldon, aliyekuwa wa kundi hilo, ndiye aliyekuja kupiga gitaa katika The Sugarcubes. Sjón naye ameandika pamoja na Björk maneno ya Isobel, Bachelorette na Oceania, na katika Biophilia mkono wake umo katika Cosmogony, Virus na Solstice. Ni vizuri pia kukumbuka jinsi wasarealisti wa Paris, ambao ilani yao ya kwanza iliandikwa na André Breton mwaka 1924, walivyopenda michezo. Walikunja karatasi, kila mmoja akachora sehemu ya mwili bila kuona alichochora mwenzake, kisha wakaikunjua na kukutana na kiumbe ambaye hakuna hata mmoja wao angeweza kumwaza peke yake. Kanuni ya mchezo ilikuwa kali. Kilichokuwa huru ni matokeo. Hicho ndicho ninachokiona ndani ya programu hii: kanuni za ndoto, zinazofuatwa kwa nidhamu ya maabara.

Ukiifungua unapokewa na sauti ya David Attenborough, mtangazaji wa Uingereza anayejulikana kwa vipindi vya viumbe, akieleza kwa utulivu jinsi maumbile, muziki na teknolojia vinavyokutana. Kisha unaachwa angani. Nyimbo zimetawanywa kama nyota, na ukizungusha anga hilo kwa kidole, makundi ya nyota yanageuka na vipande vya nyimbo vinasikika vikikaribia au vikififia kulingana na mahali ulipo. Mgeni hupotea kidogo humo, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Ukumbi ulionishawishi ni wa Virus. Maneno yake ni ya mapenzi: kirusi kinaipenda seli kiasi cha kuiangamiza, na kinaimba kwa upole wa mtu anayebembeleza. Kwenye kioo seli iko katikati na virusi vinaelea vikiijia. Michezo yote ya simu na vishikwambi imekwisha kutufundisha la kufanya hapo, yaani kumfukuza adui na kumwokoa anayeshambuliwa, na kweli vidole vinaruhusiwa kuvirusha virusi mbali kimoja baada ya kingine. Lakini anayefanikiwa kuilinda seli hugundua kwamba wimbo umekataa kusonga mbele. Ili usikie mwisho wake ni sharti ushindwe. Uache mkono kando, virusi viingie, na seli iangamie ikisindikizwa na muziki mtamu kupita kiasi. Muziki huo unapigwa kwa gameleste, ala iliyoundwa mahsusi kwa mradi huu, ambayo ni selesta, kinanda kidogo kinacholia kama kengele, iliyowekewa vipande vya shaba vya namna ya gamelani, ala za kugongwa za Indonesia. Kila ninapoucheza wimbo huu nahisi kwamba nimefanywa mshirika wa jambo ambalo nisingelikubali kama ningeulizwa kwanza. Sijaona video yake yoyote, hata ile ya kitabu, inayoingia ndani ya mtu namna hii, kwa kuwa mbele ya video mtazamaji huwa salama.

Thunderbolt ni rahisi zaidi kuelewa na inafurahisha upesi. Besi ya wimbo huo inatolewa na koili ya Tesla, yaani cheche halisi za umeme zinazolia kwa sauti ya noti, na kwenye kioo unachora radi kwa vidole huku ukisikia noti zikikimbia kwa kupanda na kushuka. Katika Crystalline unakiinamisha kishikwambi huku na huku ili upite ndani ya mahandaki ukikusanya fuwele, na njia unazochagua hupanga upya sehemu za wimbo. Beti za wimbo huo zinakwenda kwa mapigo 17, hesabu ambayo mwili hauizoei hata kidogo, na kwa kucheza niliihisi mapema kuliko kwa kusikiliza. Solstice inakuacha uvute nyuzi kutoka kwenye jua dogo ili vinavyolizunguka vizigonge na kuzipiga kama kinubi. Kwenye rekodi yenyewe kazi hiyo ilifanywa na vinubi vilivyoning'inizwa kwenye pendulamu, ambavyo mvutano wa dunia huvibembeza na kuvipiga.

Mutual Core imejengwa juu ya matabaka ya dunia yanayosukumana. Ukiyabana kwa vidole unapata kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, na kadiri unavyoyabana ndivyo sauti inavyopata mkazo. Mwalimu mmoja wa jiografia katika kundi letu anaipenda kuliko nyingine zote, na hayuko peke yake, maana mradi wa elimu uliotokana na Biophilia ulifundishwa katika shule za Reykjavík na baadaye ukaenezwa katika nchi za Nordiki. Hollow ina picha za Drew Berry, msanii wa Australia anayechora kwa kompyuta yanayotokea ndani ya seli, na ukiitazama unazama kwenye DNA inayojinakili. Ni kweli kisayansi na bado inatisha kama jinamizi. Moon na Dark Matter nimezigusa mara chache. Mchezo wa Dark Matter ni wa kufuatisha skeli, yaani ngazi za noti, nao humchosha mapema mtu ambaye hakuja kufanya mazoezi.

Yapo mambo yanayoipunguzia programu hii thamani kwa mtumiaji wa kwetu. Insha ziko kwa Kiingereza cha chuo kikuu, na ingawa Dibben anaandika kwa uwazi, kijana wa sekondari atahitaji msaada. Noti zimeandikwa kwenye mistari mitano, ilhali wengi wetu tuliokulia kwenye kwaya za kanisa tunasoma sol-fa, hivyo sehemu hiyo nzuri tunaitazama tu kama picha. Spika za kishikwambi haziwezi kubeba besi ya ile koili, na asiye na vipokea sauti vizuri atadhani Thunderbolt ni wimbo mwembamba. Pia kuna malalamiko ya mashabiki wa sauti, ambao husema vidole vinaiba masikio. Kwa Cosmogony nawaunga mkono: kwaya ya Graduale Nobili, wanawake 24 wa Iceland, inastahili kusikilizwa kioo kikiwa kimezimwa.

Yule mwenzetu wa Lubumbashi haafiki karibu lolote kati ya haya. Kwake, kazi ya kisarealisti ya Björk ni albamu ya Volta ya mwaka 2007, kwa sababu ndani ya wimbo wake wa Earth Intruders wamo bendi ya Konono Nº1 ya Kinshasa na likembe zao za umeme, ala ya kupigwa kwa vidole gumba ambayo msikilizaji wa Dodoma ataitambua mara moja kama ndugu wa ilimba ya Wagogo. Hoja yake ina nguvu pale anapokumbusha kwamba Konono walijitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za altaneta za magari mabovu. Kwa kweli hilo linalipita gauni la batamaji kwa mbali. Ila ubunifu huo ni wa Konono wenyewe, tena walikuwa nao kabla Björk hajabisha hodi, na masikioni mwangu likembe katika wimbo ule zimefunikwa na ngoma za Timbaland, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, hadi zinabaki kuwa kama kiungo cha mchuzi tu. Kora, kinubi cha Afrika Magharibi, ya Toumani Diabaté wa Mali katika wimbo wa Hope imepewa nafasi nzuri zaidi. Tumebishana juu ya hili kwa jumbe ndefu za sauti na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Mwaka 2014 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA ya New York iliichukua Biophilia kuwa programu ya kwanza katika mkusanyiko wake, na baadhi ya mashabiki husema heshima hiyo imeigeuza kuwa kitu cha kutazamwa kabatini. Sioni hivyo, mradi mtu ana kifaa kinachoiendesha. Anayetaka nyimbo pekee achukue CD, ambayo inajitosheleza. Anayependa sanaa ya kisarealisti na hajawahi kumsikiliza Björk aanzie kwenye programu, aruke anga la mwanzo, aende moja kwa moja kwenye Virus bila kusoma insha yake kwanza, halafu Crystalline, halafu Mutual Core. Mwenye watoto nyumbani awape Solstice na Thunderbolt, lakini asitarajie kurudishiwa kishikwambi mapema.