Dark mode kwenye brauza: umewasha, mbona tovuti bado nyeupe pee?

Mambo vipi wakuu, karibuni tena. Leo ni dark mode ya kwenye brauza, yaani ule mwonekano wa giza badala ya mweupe, maana kuna jamaa kaniambia kaiwasha na bado usiku akifungua tovuti anamulikwa kama kasimama mbele ya basi la mkoani. Hajakosea kitu.

Cheki hapa, hii ni Chrome ya Android. Vidoti vitatu juu kulia, nashuka Settings, naingia Theme, nachagua Dark, na kama simu yako iko kwa Kiswahili utatafuta Mipangilio halafu Mandhari. Menyu imekuwa nyeusi tii, tabo nyeusi, safi. Sasa nafungua tovuti... aah, umeona? Nyeupe pee! Brauza yenyewe inaiambia tu tovuti kwamba huyu anapenda giza, kugeuka au kutogeuka hilo ni la waliotengeneza tovuti.

Unaweza kulazimisha lakini. Andika chrome://flags pale juu, tafuta Auto Dark Mode for Web Contents, weka Enabled, bonyeza Relaunch. Sasa tazama hii nembo, ilikuwa maandishi meusi, saivi imezama kwenye weusi, kama haipo vile. Mimi ndo maana nimehamia brauza ya Firefox na ile nyongeza ya Dark Reader inayogeuza tovuti kuwa nyeusi, ni ya bure na tovuti ikiharibika unaizimia hiyohiyo moja, nyingine zinaendelea.

Haya, chaji. Eti dark mode inaokoa chaji, hapa watu wanadanganyana sana. Kwenye kioo cha OLED kila nukta inajiwakia yenyewe, ikiwa nyeusi kabisa imezima, kwa hiyo kweli unaokoa, ila wale watafiti wa chuo cha Purdue kule Marekani mwaka 2021 walipima app kadhaa za Android wakakuta ukiwa na mwanga wa asilimia 30 mpaka 50 unaokoa kama asilimia 3 hadi 9 tu, kufika asilimia 39 hadi 47 ni mpaka mwanga uwe umefunguliwa wote. Na kioo cha LCD, ambacho ndo kiko kwenye simu zetu nyingi za bei poa? Taa ya nyuma inawaka muda wote, weusi haujaizima.

Hujui yako ni ipi? Zima taa chumbani, fungua picha nyeusi tupu, ijaze kioo kizima. Hii ya kwangu, ngoja nisogeze kamera... unaona ule ukijivu pembeni? LCD hiyo.