Likizo ya Familia Melini: Huduma, Chakula na Ujira wa Wanaotuhudumia

Kwa familia yenye bibi aliyevuka miaka 80, watoto wadogo na wazazi ambao kazi haiwaachi, sijaona likizo inayowatosheleza wote kwa pamoja kama safari ya wiki moja kwenye meli ya kitalii. Tulisafiri kutoka bandari ya Galveston, Texas, kwenda Roatán nchini Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel nchini Meksiko, na tathmini hii ninawaandikia Waswahili wenzangu wa Houston, Minneapolis na kwingineko Amerika Kaskazini wanaoulizana kama safari ya namna hii inastahili gharama yake. Jibu langu ni kwamba inastahili, ila nauli inayotangazwa siyo gharama kamili, na tofauti iliyopo kati ya hizo mbili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kipato cha watu wanaotuhudumia. Kampuni siitaji, kwa kuwa utaratibu nitakaoueleza umeenea katika sekta nzima.

Nianze na huduma. Mhudumu wa kabini yetu, kijana wa Kiindonesia, alikuwa ameshashika majina ya watoto wote kabla ya chakula cha jioni cha siku ya kwanza. Alipomkuta bibi akiswali ameketi kwa sababu ya magoti, hakusema lolote, lakini jioni ile tulikuta kiti kisicho na mikono kimewekwa karibu na dirisha pamoja na shuka safi ya kutandika, na tangu hapo shuka ile ilibadilishwa kila siku bila mtu kuomba. Bandarini bibi alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kuanzia forodhani hadi mlangoni mwa kabini, na foleni iliyowachosha abiria wengine sisi hatukuiona. Klabu ya watoto, inayowapokea kuanzia umri wa miaka mitatu alimradi wameshaacha nepi, ilisimamiwa na vijana makini, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutoka bila mzazi aliyeandikishwa kuja kumchukua. Kwa upande huu sina lalamiko.

Jambo moja limepungua, na msafiri wa zamani atalitambua. Awali kabini zilikuwa zikisafishwa asubuhi na kutandikwa upya jioni. Tangu meli ziliporudi baharini baada ya janga la Uviko-19, kampuni nyingi zimeifanya kazi hiyo kuwa ya mara moja kwa siku, abiria akichagua wakati unaomfaa. Abiria anaweza kulivumilia hilo bila taabu. Kwa mhudumu, badiliko hilo limekwenda sambamba na kukabidhiwa kabini nyingi zaidi, huku kiwango cha bakshishi anachotozwa abiria kikizidi kupanda.

Chakula ndicho kilichotukutanisha. Katika ukumbi mkuu tulichagua zamu ya mapema, saa kumi na moja na nusu jioni, kwa ajili ya watoto na bibi, tukawa na meza ileile, mhudumu yuleyule na msaidizi wake yuleyule kila jioni. Ninashauri familia yoyote yenye wazee ifanye hivyo, badala ya kuchukua utaratibu wa kuingia wakati wowote, kwa sababu kufikia usiku wa pili mhudumu anajua nani hali nguruwe, nani anataka maji yasiyo na barafu, na mtoto yupi atalala mezani iwapo sahani zitachelewa. Chakula cha ukumbini kimo ndani ya nauli, na mtu akitaka vianzio viwili au mlo mkuu wa pili anaongezewa bila malipo. Supu zilikuwa nzuri, mikate ilikuwa ya siku hiyohiyo, na sahani ya Kihindi isiyo na nyama, ambayo huandaliwa karibu kila jioni hata ikiwa haikuandikwa kwenye orodha, ilikuwa na viungo vilivyopikwa vikaiva. Samaki walitufikia wakavu zaidi ya mara moja, na mboga zilikuwa za kuchemshwa tu, hazina ladha. Sishangai sana, kwa maana jiko linalolisha maelfu ya watu kwa saa chache haliwezi kumtazama kila samaki, lakini mtu aliyekulia pwani atalihisi pengo hilo.

Bufee ina msongamano mkubwa siku ya kuondoka na siku ambazo meli haitii nanga popote. Mbali na hapo tuliifurahia. Siku moja waliandaa wali uliopikwa pamoja na maharage kwa tui la nazi, kwa mapishi ya visiwa vya Karibi. Bibi alionja, akaomba sahani ya pili, akasema umekosa chumvi tu. Chai inayotolewa ni maji ya moto na kifuko cha majani. Tulipomweleza mhudumu wa bufee aliyetoka India kwamba bibi amezoea chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, alituelewa kabla hatujamaliza kueleza, na kila asubuhi iliyofuata birika lilikuwa likitusubiri.

Kuhusu nyama halali, Mwislamu asingoje afike melini ndipo aulize. Maombi ya chakula maalumu hupelekwa kwa kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, kwa maandishi, na siku ya kwanza anayafuatilia kwa msimamizi wa ukumbi. Sisi tulipata kuku wa halali katika sahani zilizofungwa, wa kawaida tu, na siku nyingine tulikula samaki na mboga.

Usafi wa jiko hauhitaji kuaminiwa kwa macho peke yake. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kina mpango wa kukagua meli za abiria zinazofika Marekani kutoka bandari za kigeni. Wakaguzi huingia bila taarifa, hutoa alama kwa kiwango cha 100, na meli inayopata 85 au chini yake huhesabiwa imeshindwa. Matokeo huwekwa hadharani kwa jina la meli, na mimi niliyasoma kabla ya kulipa. Kilichoniudhi katika upande wa chakula ni msukumo wa biashara: katika siku za mwanzo wahudumu hutumwa kutoka meza hadi meza kuuza nafasi katika migahawa ya kulipia, vifurushi vya vinywaji na soda za watoto. Ilikuwa dhahiri kwamba wao wenyewe hawaipendi kazi hiyo.

Sasa nije kwenye bakshishi. Kampuni kubwa zinazosafiri kutoka Marekani huongeza kwenye hesabu ya abiria, bila kumsubiri aamue, kiasi ambacho kwa kabini za kawaida huwa kati ya dola 16 na 20 hivi kwa kila mtu kwa kila siku, na watoto nao huhesabiwa, isipokuwa baadhi ya kampuni huwasamehe wachanga. Familia ya watu watano kwa wiki moja italipa kati ya dola 560 na 700 juu ya nauli. Vinywaji vya kulipia huongezewa asilimia 18 au 20 nyingine. Fedha hizo hugawanywa kwa wahudumu wa kabini, wahudumu wa meza, na watu ambao abiria hawaoni kabisa, wakiwemo wafuaji na waosha vyombo. Abiria akienda kwenye dawati la huduma anaweza kuomba zipunguzwe au ziondolewe, na kwa muda tuliosimama pale kuuliza jambo jingine, niliwaona watu wakifanya hivyo huku bado wana glasi za vinywaji mkononi. Iliniuma sana kuiona.

Iliniuma kwa sababu ya namna mishahara ya melini inavyopangwa. Kampuni nyingi hizi zina makao makuu Florida, abiria wake wengi ni Wamarekani, lakini meli zake hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta au Bermuda. Sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, haimhusu baharia wa meli yenye bendera ya kigeni. Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii, ina bendera ya Marekani, na kwa sababu hiyo wafanyakazi wake wanalindwa na sheria za kazi za huko. Katika meli kubwa za aina hii ni ya pekee. Kwa nyingine zote kinga iliyopo ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia (neno linalowajumuisha humo na wahudumu wa melini) wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Chini ya mkataba huo, kiwango cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye ujuzi kilikuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025, na hicho kimewekwa kwa watu wa sitaha, siyo kwa mhudumu wa meza.

Mkataba huohuo unaziruhusu nchi ambazo meli hupeperusha bendera zao kuchagua kati ya kuweka kikomo cha saa za kazi, ambacho ni 14 kwa siku na 72 kwa wiki, au kuweka kiwango cha chini cha mapumziko, ambacho ni saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ukitoa 77 za mapumziko zinabaki 91, na hizo zote baharia anaweza kufanyishwa kazi kihalali. Mapumziko ya siku yanaweza kugawanywa sehemu mbili, mradi sehemu moja isipungue saa sita, na ndiyo maana mtu aliyekumiminia kahawa saa moja asubuhi unamkuta tena saa nne usiku akikusanya sahani.

Haya niliyasikia kwa Kiswahili pia. Katika bufee alikuwepo kijana mmoja ambaye aliposikia mazungumzo yetu aliweka sinia chini, akainama na kusema, "Shikamoo bibi." Bibi aliitikia, "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" Akajibu, "Likoni, bibi," na bibi akamshika mkono asimwachie upesi. Siku zilizofuata alikuwa akipita mezani petu kila alipopata nafasi. Mkataba wake ni wa miezi minane, hana siku nzima ya kupumzika ndani yake, analala na mwenzake katika kabini isiyo na dirisha, na sehemu kubwa ya fedha anazotuma nyumbani hutoka kwenye mgawo wa bakshishi, kwa hiyo kipato chake hupanda na kushuka kulingana na meli ilivyojaa na abiria walivyoamua. Hakuilalamikia kazi yenyewe. Amewasomesha wadogo zake kwa kazi hiyo, na aliizungumzia kwa fahari ambayo aliistahili. Alichokilalamikia ni wakala wa mjini aliyemtoza fedha nyingi ili ampatie nafasi.

Hapa ningependa wazazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam wasome kwa makini. Kenya iliridhia ule Mkataba wa Kazi za Mabaharia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, na mkataba unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya cha kitaifa, kitabu cha baharia na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria kama hiyo. Gharama ya viza hulipwa na mwenye meli. Nchini Kenya mawakala hupewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, na kumwuliza wakala leseni yake kabla ya kumpa hata shilingi moja ni haki ya kila kijana. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanataka pia mabaharia wapatiwe mawasiliano ya intaneti kadiri inavyowezekana, na malipo yake, kama yapo, yawe ya wastani. Kwa mama anayengoja simu ya mwanawe hilo lina uzito.

Kwa maoni yangu kampuni zinapaswa kuuingiza mshahara wote ndani ya nauli, ziutaje katika mkataba wa mfanyakazi, na bakshishi ibaki kuwa zawadi. Nauli ingeonekana kubwa zaidi kwenye tangazo, na huenda hiyo ndiyo sababu haijafanyika. Hadi litakapofanyika, familia inayopanga safari ihesabu bakshishi kama sehemu ya nauli tangu siku ya kukata tiketi. Ikiwa bajeti haitoshi na hiyo ndani, ni afadhali kuchukua kabini isiyo na dirisha au safari ya siku chache. Kampuni nyingi huruhusu kuilipa mapema, na kufanya hivyo kunaondoa mshtuko wa hesabu ya asubuhi ya mwisho. Aliyekusaidia kupita kiasi mwongezee fedha taslimu mkononi, kwa noti za dola, kabla ya usiku wa mwisho, kwa sababu asubuhi ya kushuka yeye tayari anawaandalia kabini abiria wanaofuata.

Wazee wasiokuwa raia wahakikishe viza zao zinaruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja, kwani meli inapotia nanga Cozumel mmeshatoka nchini. Na dodoso la kampuni likifika kwenye baruapepe baada ya safari, lijazwe siku hiyohiyo, pamoja na majina ya wahudumu kama yalivyoandikwa kwenye beji zao na kazi waliyoifanya. Wakubwa wao huyasoma majina hayo wanapopanga nani apandishwe cheo na nani aitwe tena. Sisi tuliandika ya kijana wa Likoni, ya mhudumu wa kabini, ya wahudumu wawili wa meza, na ya yule aliyechemsha chai.