Uzoefu wangu: siku tisa kwa gari la kukodi kwenye Wild Atlantic Way, Ireland

Mwezi Mei 2025 mimi na mke wangu tulizunguka kwa siku tisa na gari la kukodi katika pwani ya magharibi ya Ireland, tukifuata sehemu ya njia iitwayo Wild Atlantic Way. Njia hiyo ilizinduliwa mwaka 2014, ina urefu wa takribani kilomita 2,500 kutoka rasi ya Inishowen kaskazini hadi mji wa Kinsale kusini, na msafiri huitambua kwa vibao vya buluu vyenye alama ya mawimbi. Nusu ya kaskazini hatukuigusa. Tulinunua kifurushi kwa wakala mmoja, ambacho kilijumuisha gari, malazi ya usiku nane pamoja na kifungua kinywa, ramani, na kijitabu cha ratiba ya kila siku. Nauli ya ndege, mafuta, viingilio na milo mingine vilikuwa juu yetu. Malazi nayapa alama zote, gari nalipa alama za wastani, na kile kijitabu ningependa kumrudishia aliyekiandika ili akaifuate ratiba yake mwenyewe.

Nianze na gari, kwa sababu hapo ndipo mfuko wa msafiri unapoweza kutoboka kabla hajaiona bahari. Karatasi za kifurushi zilisema kwamba bima imo, nami nikaridhika na neno hilo bila kuuliza zaidi. Tulipofika kaunta ya magari katika uwanja wa ndege wa Shannon ndipo tulipoelezwa kwamba euro 1,800 za mwanzo za hasara yoyote ni juu ya mteja, kwamba tairi na vioo havimo kabisa, na kwamba asiyetaka kununua bima ya nyongeza kwa kila siku sharti akubali kiasi hicho kizuiwe kwenye kadi yake ya mkopo. Kadi ya kawaida ya benki haikukubaliwa, na kadi ya mkopo yenye nafasi ya kutosha ilikuwa ya mke wangu, ilhali dereva aliyeandikishwa nilikuwa mimi. Tulikaa pale saa moja na nusu tukibadilisha majina: yeye akawa dereva mkuu, mimi nikawa dereva wa ziada, na huyo wa ziada akalipiwa peke yake. Mhudumu wa kaunta alikuwa mstaarabu na hakutuficha lolote. Lawama zangu nazielekeza kwa wakala, ambaye angeweza kutuandikia haya yote kwa mistari mitatu wakati tukilipa. Atakayetufuata na anunue mapema, kabla ya kusafiri, ile bima ya kujitegemea inayomrudishia mteja kiasi alichokatwa. Sisi tuliinunua usiku ule ule kwa simu, kwa bei ambayo haikufika hata robo ya ile ya kaunta.

Uendeshaji wenyewe haukunisumbua kama nilivyohofia. Ireland hushika kushoto, kwa hiyo aliyejifunza gari Tanga hana jipya la kujifunza kwenye kipilefti, na mwendo huandikwa kwa kilomita, si kwa maili kama kwetu Uingereza tunakoishi sasa. Tatizo ni upana wa barabara. Ukishaiacha barabara kuu unajikuta kwenye njia inayotosha gari moja na robo, ukuta wa mawe huku na michongoma kule, na pengine nyasi zimeota katikati ya lami. Kikomo cha mwendo kwenye barabara nyingi ndogo za vijijini kilishushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa mwezi Februari 2025, lakini mimi mara chache nilithubutu kufika hata 50. Wenyeji, kwa upande wao, hutokea kwenye kona kwa kasi, wakakupisha kwa ustadi, wakainua kidole kimoja juu ya usukani kukusalimu.

Kijitabu chetu kilihesabu kilomita na kusahau hayo yote. Kwa majabali ya Moher, kwa mfano, kilitutengea dakika 45, saa tano asubuhi, wakati ambapo mabasi ya watalii yamejaa uwanjani. Mama mwenye nyumba tuliyolala Doolin alikisoma wakati akitumiminia chai, akaomba kalamu, akaifuta saa tano na kuandika saa kumi na mbili jioni. Tulimtii, na nashukuru. Mwezi Mei jua huchelewa kuzama huko hadi saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo tulikuwa na mwanga tele na watu wachache. Majabali hayo hufikia mita 214 yanaposimama juu zaidi, na ukiwa pale juu unaliona wimbi likipasuka chini kabisa, povu likatanda mwambani, kisha ndipo sauti yake inakufikia, imechelewa. Mwamba umepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila ukingo umejaa ndege wa baharini wanaotaga, kelele zao na harufu ya kinyesi chao zikipanda pamoja na upepo. Tulikaa saa tatu.

Connemara tuliifurahia, hasa barabara ya Sky Road inayopanda kutoka Clifden, na sina malalamiko nayo. Malalamiko yangu ni ya siku ya tano, ambayo kijitabu kilitaka tuondoke Clifden asubuhi na kulala Dingle, mwendo wa karibu kilomita 300, na njiani tupinde hadi Loop Head kuuona mnara wa taa. Loop Head tuliiacha bila majuto. Kitu pekee kilichotupumzisha siku hiyo ni pantoni ya kuvuka mto Shannon kutoka Killimer hadi Tarbert: unaingiza gari, unazima injini, na kwa dakika kama 20 unapigwa na upepo bila kushika usukani. Kwa aliyezoea foleni ya Kigamboni, utulivu wa pale unashangaza.

Baada ya Tralee kijitabu kilitupitisha kwenye njia ya mlimani ya Conor Pass, kwa maelezo ya neno moja tu, kwamba mandhari ni “ya kupendeza”. Hakikutaja kwamba magari yenye uzito unaozidi tani mbili yamekatazwa kupita huko, wala kwamba karibu na kilele barabara hubana hadi magari mawili yasiweze kupishana. Tulikutana na gari jingine mahali hapo hapo, ukungu ukiwa umeshuka, kulia kwetu bonde na kushoto mwamba uliotokeza kama kiwiko. Ilinibidi nirudi nyuma taratibu hadi sehemu ya kupishana, mke wangu akiwa ameteremka ananiongoza kwa mikono, na kioo cha pembeni kikaukwaruza ule mwamba kwa mlio ambao bado naukumbuka.

Dingle palistahili usiku tatu, nasi tulipewa mbili. Barabara ya Slea Head huzungukwa kwa kufuata mwelekeo wa saa, ili usikutane uso kwa uso na mabasi, na mahali pamoja kijito hupita juu ya barabara yenyewe, ukalazimika kukikanyaga polepole huku maji yakirukia milango. Ukivuka hapo unaviona visiwa vya Blasket, ambavyo wakazi wake wa mwisho walihamishwa mwaka 1953. Eneo hilo ni la wasemaji wa Kiayalandi na vibao hufuata lugha yao: anayeona GO MALL limeandikwa kwenye lami ajue ameambiwa apunguze mwendo, wala asitafute maduka.

Kwenye kisiwa cha Skellig Michael hatukufika. Boti ya kutoka Portmagee tuliikatia tiketi wenyewe, nje ya kifurushi, lakini asubuhi ile mawimbi yalikuwa makubwa na nahodha akaahirisha. Fedha zetu zilirudishwa zote. Badala yake tulivuka daraja hadi kisiwa cha Valentia, ambako mwaka 1866 ulianzia waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari hadi Newfoundland, kisha tukala samaki na viazi garini, mvua ikipiga kioo.

Siku ya mwisho tulitoka Kinsale kupitia Cork na Limerick hadi Shannon, kwenye barabara pana, na nikashangaa jinsi nilivyoiona pana mno. Mkaguzi alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, akaupiga picha. Walitukata euro 140, na fedha zilizobaki zikafunguliwa kwenye kadi baada ya siku tisa. Bima ya kujitegemea imeturudishia 140 hizo wiki iliyopita.