Chumba cha Sarajevo, Vienna: tathmini ya Heeresgeschichtliches Museum

Makumbusho haya ya vita yako Arsenal, majengo ya zamani ya kijeshi, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka stesheni kuu ya Vienna. Kumbi za vita vya zamani zipite haraka, ila Chumba cha Sarajevo kipe saa nzima. Humo mna vitu vya mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, yaliyotokea Sarajevo tarehe 28 Juni 1914.

Anza na gari, Gräf & Stift la wazi, namba A III 118. Wengi hulipiga picha kwa mbele tu, wakivutiwa na hiyo namba inayosomeka kama 11-11-18, siku Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokoma. Imesadifu tu. Zunguka ubavu wa kulia ulione tundu: risasi iliyomuua Sophie, mke wa mrithi, ilipenya kwanza bodi ya gari.

Kwenye koti la kijeshi la Franz Ferdinand, usitafute tundu kifuani. Risasi iliingia shingoni, karibu na ukosi, ikakata mshipa mkubwa wa damu. Ule mpasuko mrefu ni wa waliolikata wakijaribu kumwokoa. Bastola ni Browning M1910 ya milimita 9. Ukisoma mahali 7.65, ni kosa.

Kasoro ya chumba hiki, na ni kubwa, ni kwamba karibu kila kitu ni cha aliyeuawa. Waliomuua utawafuata kwingine. Gavrilo Princip, aliyefyatua risasi, hakunyongwa: alikuwa na miaka 19, na sheria ilikataza kumnyonga aliye chini ya 20. Alihukumiwa miaka 20, akafungwa Terezín, mji wa ngome ulio Cheki ya leo, kifua kikuu kikamla mifupa hadi akakatwa mkono, akafa tarehe 28 Aprili 1918. Čabrinović, aliyerusha bomu asubuhi ileile, na mwenzao Grabež walishakufa gerezani 1916. Kitanzi kiliwapata watu wazima: Danilo Ilić, aliyegawa silaha, pamoja na Veljko Čubrilović na Miško Jovanović waliosaidia kuzipitisha, tarehe 3 Februari 1915. Vaso, mdogo wake Veljko, alisimama njiani siku ile na silaha akiwa na miaka 17. Akaishi hadi 1990, akiwa profesa wa historia.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Terezín. Kutoka Prague ni kama saa moja kwa basi. Ulizia Ngome Ndogo, seli namba 1.