Mwongozo wa Wizara au UpToDate: uko zamu Tanga, ufungue upi?

Ubishi huu hauishi kati ya madaktari wa intanshipu pale Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, na matabibu wa zahanati za Muheza na Pangani.

Kwa bei hakuna mjadala. Mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, toleo la 2021, ni bure, na ukishaupakua unafunguka hata bando likikata. UpToDate, rejea ya kitabibu ya mtandaoni ya kampuni ya Wolters Kluwer, inalipiwa ada, na si ndogo, labda taasisi yako ikubebee.

Kwa upya wa taarifa, UpToDate inaongoza kwa mbali. Wahariri wake wanapitia tafiti mwaka mzima, na mapendekezo yanawekewa daraja la uzito wa ushahidi. Mwongozo, ukishatoka, unasubiri toleo jipya ndipo ubadilike.

Ila dawa ndiyo yenye kesi. Mwongozo umefungamana na orodha ya taifa ya dawa muhimu, ukionyesha dawa ipi inaanzia ngazi ipi ya kituo cha afya. Mtoto mwenye malaria kali akiletwa zahanati usiku, unachotaka ni dozi ya artesuneti: miligramu 3 kwa kilo akiwa chini ya kilo 20, 2.4 akifika hapo au kuzidi. Sindano, kisha rufaa. Nani ana muda wa kurasa za mjadala?

Wodini, ukikutana na lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) iliyogusa figo, mambo yanageuka: fungua UpToDate kwanza, halafu rudi kwenye mwongozo uone dawa gani unaweza kuiandika.