Plastiki imezuia jiwe, wembe wa fundi umekula rangi

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kusubiri zipoe.

Gari ni Mazda CX-5, ile nyekundu yao yenye kina, imefika kutoka Japani ikiwa na rangi ya kiwandani mwili mzima. Aliyewahi kumtafuta fundi wa kuigezea rangi ile anajua shida yake. Chini kuna tabaka lenye chengachenga za aluminiamu, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, halafu kliya, tabaka angavu la mwisho. Ukipiga rangi upya mlango mmoja tu, jua la saa saba mchana linakuumbua. Ndiyo maana nikaivisha PPF, ile plastiki angavu ya kukinga rangi, kuanzia bampa ya mbele na boneti hadi milango yote.

Haukupita muda mrefu. Siku moja naifuta mlango wa dereva, nikaona mstari mwembamba ukifuata ukingo wa plastiki kuanzia juu hadi chini. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Yaani fundi alitandika plastiki, kisha akakata ziada kwa wembe palepale juu ya gari! Kliya ya kiwandani haifikii hata unene wa unywele, wembe ukiteleza kidogo tu umeshaipita. Na njia nyingine zipo: unakata vipande kwa mashine kabla ya kubandika, au unatumia tepu yenye uzi, ukiuvuta plastiki inakatika bila chuma kugusa bodi.

Nikarudi dukani. Msimamizi hakuinuka kwenye kiti. "Dada, hii gari ulikuja nayo hivi hivi." Nikampa simu aone picha nilizopiga siku ya kuipeleka. Akazitazama, akanirudishia. "Sasa dada, wewe umelipia plastiki, hukulipia rangi."

Umelipia plastiki, hukulipia rangi! Plastiki niliitaka ya nini, basi? Yule kijana aliyeifanya kazi alikuwa pembeni, macho chini. Hata pole sikuambiwa, si na bosi wala na fundi.

Nitasema haki: plastiki yenyewe ni nzuri. Barabara ya Morogoro, karibu na Chalinze, lori lilinirushia jiwe likagonga boneti paa! Nikajua nimekwisha. Kushuka kutazama, plastiki imebonyea kidogo, rangi chini yake nzima. Mikwaruzo midogo ya vitambaa nayo inajifuta yenyewe gari likikaa juani. Kwa hilo nilitaka kutoa nyota nne.

Lakini nikifungua mlango naukuta ule mstari, na nyota zote zinaniishia. Dawa yake ni ipi? Kiwandani rangi inakaushwa kwa kuoka bodi tupu kwenye joto la nyuzi 130 na zaidi. Gereji haiwezi kulipandisha gari zima joto hilo, lina plastiki na nyaya ndani. Kwa hiyo hata wakinilipa, mlango ukipigwa upya si wa kiwandani tena, na dalali yeyote mwenye kipimo cha unene wa rangi ataujua kwa mguso mmoja.

Nyota moja, na hiyo ni ya plastiki. Ukienda popote kuifunga, kabla hujatoa ufunguo muulize fundi anakatia wapi. Akikuambia juu ya gari, washa uondoke.